Uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi

Suruali ilikuwa nyeusi. Niliipiga pindo jioni, nikaipiga pasi, nikaitundika. Kesho yake mwenyewe alikuja kuichukua, akaisogeza mlangoni penye jua, akaupindua mguu mmoja na kuniambia kwa upole, "Mama, mbona huu uzi ni wa bluu?" Nilikataa katakata. Miaka 31 kwenye cherehani, nichanganye nyeusi na bluu? Nikamwita binti yangu aje anitetee. Akatazama, akataka kucheka, kisha akanyamaza. Kimya chake ndicho kilichonipeleka kwa daktari wa macho.

Kumbe ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limetangulia. Mimi nilidhani mtoto wa jicho ni ukungu mweupe ambao hata jirani anauona. Wangu alikuja kwa njia nyingine. Lenzi ya jicho ikizeeka hugeuka manjano, halafu kahawia, na mwanga wa bluu ndio unaozuiwa mapema. Ubongo nao unazoea siku hadi siku, hivyo mwenye jicho anakuwa wa mwisho kujua. Mchoraji Claude Monet alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923 kwa ugonjwa huuhuu, baada ya miaka ya kuchora bustani yake kwa rangi za kutu. Niliposikia habari zake nilijisikia nafuu kidogo. Angalau mimi niliharibu suruali moja tu.

Watu wakijua kwamba nilipasuliwa, lenzi za zamani zikatolewa, na sasa nina lenzi ya bandia ya aina moja jicho la kulia na ya aina nyingine jicho la kushoto, swali huwa lilelile: ipi bora? Nimelijibu mara nyingi nikiwa na pini mdomoni. Leo nalijibu vizuri.

Siku ya kwanza daktari alinieleza hivi. Lenzi ya fokasi moja, monofokali, inakusanya mwanga wote mahali pamoja. Mara nyingi huwekwa kwa ajili ya mbali: utaona barabara, sura za watu, saa ya ukutani, na ukitaka kusoma unavaa miwani, kwa kawaida ya +2.50 au karibu na hapo. Multifokali, yaani ya fokasi zaidi ya moja, ina vijiduara vyembamba vilivyochongwa juu yake, kimoja ndani ya kingine kama mistari ya santuri, na vijiduara hivyo vinaugawa mwanga: fungu la mbali, fungu la masafa ya kati, fungu la sentimita 40 hivi, pale mtu anaposhika kitabu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nashona, daktari."

"Basi hii itakufaa. Kazi yako ni ya karibu. Utaagana na miwani."

Niliposikia kuagana na miwani, mengine yote aliyoyasema yalinipita. Najua alitaja pete za mwanga usiku, maana karatasi niliyotia saini inazitaja. Ila yeye hakuniuliza nashona nguo za rangi gani, na mimi haikunijia kabisa kwamba rangi ya kitambaa inaweza kuwa habari ya daktari.

Kabla ya upasuaji walinipima urefu wa jicho, kutoka mbele hadi nyuma. Hapo nilijisikia niko na mafundi wenzangu. Jicho la mtu mzima lina wastani wa milimita 23 na nusu hivi, na ukikosea milimita moja tu katika kupima, nguvu ya lenzi inapotoka kwa dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3, yaani mtu anatoka na jicho lisiloona mbali wala karibu kama alivyoahidiwa. Mimi nikikosea milimita moja kwenye kiuno cha sketi hakuna atakayejua hadi kiama.

Upasuaji wenyewe haukufika dakika 20. Ganzi ya matone, tundu lisilofika milimita 3, mashine ya mawimbi ya sauti inayoiponda lenzi ya zamani na kuifyonza, kisha lenzi mpya inaingizwa ikiwa imekunjwa na kujikunjua yenyewe ndani ya kifuko kilichokuwa cha lenzi ya asili. Aliyewahi kushona mkanda wa nguo kisha akaugeuza wote kupitia kitundu kidogo atauheshimu ufundi huo.

Niliuliza kama plastiki haitaozea humo ndani. Jibu lake lina kisa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Mwingereza Harold Ridley alikutana na marubani waliokuwa na vipande vya plastiki machoni, kutoka kwenye vifuniko vya ndege zao vilivyovunjwa kwa risasi. Akaona jicho linavivumilia vipande vile bila kuvimba. Mwaka 1949, London, akamwekea mgonjwa lenzi iliyotengenezwa kwa plastiki ya namna hiyo, na wenzake wengi wakampinga kwa miaka. Kwa hiyo haiozi.

Nilianza na jicho la kulia, multifokali ya fokasi tatu. Asubuhi ya pili nilifungua droo ya nyuzi nyeusi na nikatoa humo nyuzi za bluu 11. Kumi na moja! Nilikaa chini nikafikiria ni nguo za nani. Kisha nikasoma namba kwenye pakiti ya sindano bila miwani, nikasoma ile karatasi ya maelezo ya matone yenye maandishi ya sisimizi, nikawapigia simu ndugu wote.

Kulikuwa na jambo moja la kujifunza upya. Fundi akishindwa kutunga uzi kwenye sindano, mkono wake huileta sindano puani. Ndivyo nilivyofanya tangu ujana. Sasa nikiileta sindano karibu, tundu linayeyuka. Nikiisukuma hadi umbali wa sentimita 40, tundu linafunguka. Lenzi hii ina vituo vyake, na wewe ndiye unayekifuata kituo. Jicho la kijana halina vituo, linateleza tu kutoka mbali hadi karibu, na hakuna lenzi niliyoonyeshwa inayofanya hivyo. Mkono wangu ulichukua wiki tatu kukubali.

Usiku ndio ulionishtua. Mara ya kwanza kutoka baada ya giza kuingia, binti yangu akiendesha, kila taa ya gari lililokuja mbele yetu ilikuwa imevaa pete, tatu au nne, moja nje ya nyingine, safi kabisa kama zimechorwa kwa bikari. Taa za barabarani vilevile. Si ukungu, si kivimbe cha mwanga, ni pete. Nilifumba jicho hilo, zikatoweka, nikafumbua, zikarudi. Niliambiwa baadaye kwamba ile nukta kali katikati ni picha ya fokasi ya mbali, na pete ni mwanga uliopangiwa fokasi nyingine, umefika kwenye retina, ule ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea picha, bila kukusanyika. Mchana zipo pia ila huzioni kwa sababu ya mwanga mwingi. Usiku mboni inafunguka na nyuma ya taa kuna giza, basi zinajionyesha zote. Siendeshi gari, kwa hiyo pete nilizichukulia kama mapambo yasiyo na sherehe. Lakini nilimtazama binti yangu na usukani wake nikawaza: ningekuwa mimi hapo je?

Kisha ikaja kazi ya koti.

Lilikuwa koti jeusi la sufu, la mtu aliyepungua mwili, nilipunguze mabegani. Kufumua mshono mweusi kwenye sufu nyeusi ni kazi ninayoweza kuifanya nikizungumza. Nikakaa dirishani, wembe mkononi, nikauvuta mshono wazi kwa kidole gumba ili nyuzi zijitokeze kama ngazi ndogo. Ngazi haikutokea. Niliona wembe. Niliona kucha yangu na vumbi la chaki ndani yake. Niliona hata unywele mweupe ulioanguka kwenye kola. Ila pale ambapo mshono unapaswa kuwa niliona giza moja lisilo na ndani, kama vile koti limekatwa kwenye karatasi. Nikawasha taa ya mezani, pakawa kijivu badala ya peusi, lakini mshono haukuja. Nikaenda kwa kupapasa. Nikasikia mlio mdogo, ule ambao kila fundi anaujua na anauchukia: si uzi uliokatika, ni kitambaa. Jeraha la upana wa kucha ya kidole kidogo.

Binti yangu akainama begani kwangu. "Mama, si huu hapa?" Akaugusa mshono kwa ncha ya pini. Alikuwa anauona akiwa amesimama.

Nilirudi kliniki nimebeba koti. Wakanikalisha mbele ya ule ubao wa herufi tunaoujua wote, aina aliyoibuni Snellen mwaka 1862, na jicho la kulia likasoma mstari wa 6/6, ule wa jicho zima, bila kusitasita. Kwa ubao ule mimi nilikuwa mtu aliyepona. Nikalifungua koti mezani. Kijana aliyekuwa akinipima, Mungu amjalie, hakunibishia. Alienda akaleta ubao mwingine. Huo herufi zake zote zina ukubwa mmoja, kubwa tu, ila kila baada ya herufi tatu wino unafifia, kutoka mweusi hadi kijivu hadi kitu kama pumzi kwenye ukuta mweupe. Unaitwa Pelli-Robson, ulitoka mwaka 1988. Unapima kontrasti, yaani uwezo wa kutenganisha vitu vinavyokaribiana kwa weusi na weupe. Hapo ndipo niliposimama mapema. Akapunguza mwanga wa chumba, nikasimama mapema zaidi.

Daktari alipokuja alinieleza kwa lugha ya hesabu nikaihamishia kwenye lugha ya kitambaa. Chukua lenzi ya kizamani ya fokasi mbili inayogawa sawasawa: kama asilimia 41 ya mwanga huenda mbali, 41 karibu, na 18 au 19 iliyobaki inatawanyika bila faida kwa yeyote. Ya fokasi tatu ina mgawanyo wake, lakini kitambaa ni kilekile, na gauni moja haligeuki magauni matatu. Tena mwanga wa fokasi usiyoitumia hauondoki. Unatandazwa juu ya picha kama shela nyepesi. Herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe inaivumilia shela hiyo, ndiyo maana 6/6 yangu ilikuwa ya kweli. Uzi mweusi kwenye sufu nyeusi hauivumilii.

Aliniomba nisubiri. Ubongo hujifunza kupuuza pete, alisema, kwa wengi ndani ya miezi michache, wengine hufika mwaka. Nilisubiri na kweli pete zilipungua. Sijui kama zilipungua zenyewe au mimi niliacha kuzihesabu. Akanipa pia matone ya machozi ya bandia, maana jicho kavu huharibu picha ya lenzi yoyote na multifokali ndiyo hulalamika zaidi, na fundi anayekodolea cherehani husahau kupepesa. Yakasaidia, hasa jioni. Kontrasti ya koti jeusi haikurudi.

Nikauliza kuhusu kuitoa lenzi na kuweka nyingine. Inawezekana, na ni rahisi zaidi ikifanywa mapema kabla kifuko hakijaishikilia, lakini ni upasuaji wa pili ndani ya jicho lilelile na una hatari zake. Alinionya na jambo jingine ambalo ninalirudia kwa kila mtu. Baadaye kifuko kile kinaweza kupata utando nyuma ya lenzi, na dawa yake ni kutobolewa kwa leza ya YAG, kazi ya dakika chache. Ila kikishatobolewa, kubadilisha lenzi kunakuwa kugumu zaidi. Kwa hiyo mwenye manung'uniko na multifokali asikimbilie leza kabla hajajua kinachomsumbua ni utando au ni lenzi yenyewe. Mimi sikuwa na utando. Nikaamua kubaki nayo.

Swali likawa jicho la kushoto. Daktari alipendelea multifokali tena, na hoja yake ilikuwa na uzito: lenzi hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa mbili, ubongo unajumlisha. Binti yangu naye alikuwa upande wake, kwa sababu ya hisabati tu, vitu vifanane. Kulikuwa na lenzi za kati, zile zinazorefusha kina cha fokasi, zenye kuhurumia zaidi usiku lakini zinazokuachia miwani kwa maandishi madogo. Kulikuwa pia na njia ya kuweka monofokali ya karibu, ambayo kwa fundi si wazo baya hata kidogo. Nililala na mawazo hayo usiku mbili tatu. Mwisho nikasema nataka jicho moja ambalo halijagawa kitu. Monofokali, ya mbali. Miwani nitavaa.

Miezi mitano baada ya la kulia, la kushoto likafanyiwa. Wiki za kwanza kulikuwa na kivuli kama mwezi mchanga pembeni, upande wa sikio, nikajuta usiku kucha. Kumbe kivuli hicho hutokea kwa baadhi ya watu hata kwa lenzi nzuri za monofokali, na kwa wengi hufifia. Changu kilififia. Nakitaja kwa sababu kuna wanaosimulia monofokali kana kwamba ni jicho la kuzaliwa nalo. Siyo.

Sasa ni mwaka na nusu ninalinganisha, kwa kufumba hili na kufumbua lile, na binti yangu anasema nimekuwa na tabia ya kinyonga. Mchana, mbali, sioni tofauti ya maana: jani ni jani, sura ni sura, yote mawili ni 6/6. Nikichukua simu, jicho la kulia linasoma, la kushoto linaona kipande cha mwanga chenye wadudu. Jua likizama mambo yanageuka. Ngazi za nyumbani hazina taa, na hatua ya chini kabisa ni ya saruji juu ya saruji. Jicho la kushoto linauona ukingo wake. La kulia linaona ngazi imeishia hatua moja kabla. Taa ya gari kwa jicho la kushoto ni taa yenye miale midogo. Kwa la kulia bado ni zile pete, japo sasa lazima nizitafute.

Na koti jeusi? Navaa +2.50, nakaa dirishani, na ngazi ndogo ya mshono inajitokeza, kila kidaraja mahali pake. Miwani niliyokusudia kuagana nayo inaning'inia shingoni mwangu kwa kamba niliyoisuka mwenyewe.

Msije mkadhani naisema vibaya multifokali. Dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, anazo macho yote mawili. Anasoma kutwa, jioni hatoki, kitambaa cheusi alikivaa mara ya mwisho kwenye msiba. Ukimwambia kuhusu pete anauliza, "Pete zipi?" Mapitio ya tafiti ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotoka mwaka 2016 yalisema kitu kinachotuelezea sisi wawili kwa pamoja: wenye multifokali huona vizuri zaidi karibu na wengi zaidi huachana na miwani, lakini pete na mng'ao ni vingi zaidi kwao na kontrasti iko chini. Kwa mbali hawatofautiani sana. Dada amechukua nusu ya kwanza ya sentensi, mimi nikaangukia ya pili.

Ambacho ningemwambia daktari siku ile ya kwanza, kama ningejua, ni haya: nashona vitambaa vyeusi, taa yangu ni moja, na miwani hainikeri. Mwingine aseme anaendesha gari usiku. Mwingine aseme ana kisukari, au presha ya macho, au kituo cha retina kina shida, maana jicho ambalo tayari limepungukiwa kontrasti si la kulikatia tena fungu. Madaktari wengi hawazishauri multifokali kwa macho ya namna hiyo, lakini kuna siku foleni ni ndefu na mgonjwa, kama mimi, yuko bize kufurahia habari ya miwani.

Yule mteja wa suruali bado ni mteja wangu. Juzi alileta nyingine, nyeusi, akasimama palepale mlangoni akingoja kuona kama nitakosea. Nikachagua uzi, nikausogeza kwenye kitambaa, nikavaa miwani, nikafumba jicho la kulia ili nihakikishe. Akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," akasema, "mbona unanikonyeza?"